Ushanga Uliobana

Mwaka huo hatukula mahindi. Viwavijeshi waliingia mashambani mahindi yakiwa usawa wa magoti, wakala majani, wakala kiini, wakatuachia mabua. Gorong'a nzima tukala ugali wa udaga, ule unga wa mhogo uliovundikwa, mweusi na wa kuvutika, na mboga chungu ya chinsaga pembeni. Mwenye bahati aliongeza dagaa. Hata kwenye msiba wa mtu mkubwa ulipikwa udaga, na watu walikula wakanyamaza. Kwa hiyo mtu akiniuliza mkamwana wangu alianza kuumwa lini, mimi sihangaiki na kalenda. Namwambia, mwaka wa udaga.

Na ndiyo sababu tulichelewa kuona. Mwaka ule kila mtu alikonda. Mimi mwenyewe sketi yangu ya kanisani niliifunga kwa kamba. Sasa mkamwana akikonda nani ashangae? Tulichoona sisi ni kinywa chake. Alikula ugali wake, akakwangua sufuria, akatafuna ukoko, halafu akakaa anatazama sahani za watoto kama paka anayetazama samaki. Na bado mifupa ya mabega ilikuwa inataka kutoboa blauzi.

Ngoja niseme kwanza ni mkamwana wa namna gani, maana watu wa mbali wakisikia hawaelewi. Mimi nilizaa mabinti watupu. Wazuri, wenye nguvu, wote wameolewa, na ng'ombe wao waliingia zizini kwangu. Lakini binti akiolewa anakwenda kujenga nyumba ya wengine, na mume wangu alipokufa nyumba yangu ikabaki haina wa kuibeba. Sisi Wakurya tuna dawa ya jambo hilo. Mama wa aina yangu anaoa. Anatoa ng'ombe kama mwanaume yeyote, analeta msichana awe mkamwana wake, azae na mwanaume amtakaye, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nilikwenda mpaka Nyarero kwa miguu yangu kumposa, nikakaa na wazee wa kwao, nikabishana nao mpaka mmoja akasema, "Huyu mama ana meno." Nikampata. Alinizalia mvulana, halafu msichana. Ni wajukuu wangu, na asije mtu akaniambia si wa kweli. Mvulana anatembea mikono nyuma, kidevu juu, kama marehemu mume wangu alipokuwa anakwenda kukagua ng'ombe. Damu haikupita huko, lakini mwendo umepita.

Siku niliyomleta nilimvalisha ushanga shingoni. Katika nyumba yetu ndivyo tunavyofanya. Mama mkwe wangu alinivalisha mimi, nami nikamvalisha yeye, shanga nyekundu na nyeupe zilizotungwa kwenye uzi mgumu usio na kifungo. Ukishafungwa umefungwa. Unaoga nao, unazaa nao. Unakatwa ukifa, au ukirudishwa kwenu.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Alikuwa msichana mpole, mtu wa kucheka chini chini, mkono wake ulikuwa unamimina uji bila kudondosha tone. Sasa akishika kikombe kinagonga sinia. Halafu jasho. Asubuhi za Gorong'a zina baridi inayouma masikio, mimi nimejifunga mashuka mawili, yeye anakaa nje na gauni jembamba, mgongo umelowa kama ametoka kisimani. Nikamwambia, "Mama, utapata homa." Akasema, "Mama, naungua."

Halafu ikaja hofu. Pikipiki ikipita barabarani anasimama wima, mwiko mkononi.

"Mama, wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Sijui. Wanakuja."

Nikimuuliza amefanya kosa gani mpaka watu waje, hajui. Nikimwambia hakuna mtu, analia. Usingizi ulimkimbia. Ninaamka alfajiri nakuta uwanja umeshafagiliwa mpaka udongo mwekundu umeanza kutoka, na bado anafagia. Na yule msichana mpole akawa na hasira za ghafla. Siku moja mvulana alimwaga chumvi. Akampiga kwa mwiko, kisha akautupa mwiko, akamkumbatia, akalia kwa namna ambayo mtoto aliogopa kilio kuliko kipigo.

Hapo ndipo hofu yake ilianza kuniambukiza. Nikienda shambani nawachukua watoto wote wawili, hata wanapokuwa na usingizi. Siku nikimwacha nao, jembe linalima lakini masikio yako nyumbani. Nilichukua panga la kukatia kuni nikaliweka chini ya godoro langu, nikalala juu yake kama kuku juu ya mayai. Sikumwambia mtu. Mchana nilimtazama mikono, nikajiambia ni njaa, ni uchovu, itapita mahindi yakirudi. Lakini mtu mwenye njaa hafanyi vile. Mimi nimeona njaa nyingi, naijua. Njaa inamlaza mtu. Hii ilikuwa inamkimbiza.

Watu nao hawakuninyamazia. Kwenye mashine ya kusaga jirani mmoja aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Hivi mkamwana wako anakula kwa niaba ya nani?"

Nikamjibu, "Kwa niaba yako, maana naona kwako jiko limeota nyasi."

Walicheka. Mimi nilifika nyumbani nikaketi kwenye gunia la unga. Maana nilijua maneno yale yanakwenda wapi. Mwanamke anayekula sana na hanenepi, halali, anazungumza na watu wasioonekana: huku kwetu neno lake linakuja lenyewe, na likishasemwa mara moja hadharani halifutiki.

Lilimfikia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Yeye anakaa Matongo, karibu na mashimo ya dhahabu, ana karasha yake ya kusagia mawe. Ni mtu wa maneno matamu. Lakini tangu kaka yake azikwe macho yake hayajatoka kwenye shamba langu la kule mtoni, na nyumba yangu ikikosa mtu, shamba ni lake. Alikuja na wazee wawili, akakaa, akanywa uji wangu wa udaga, akausifu.

"Shemeji," akasema, "ulipewa mgonjwa. Si kosa lako. Walikudanganya watu wa Nyarero."

"Alikuja mzima."

"Ng'ombe akipata wazimu hatukai naye. Mrudishe kwao, watakurudishia ng'ombe wako, utaoa mwingine. Watoto tutawalea sisi."

"Mtawalea wapi? Kwenye shamba langu la mtoni?"

Mzee mmoja akakohoa, akatazama kikombe. Shemeji akatabasamu tu. "Shemeji, fikiria. Kesho atamdhuru mtoto, na utakuwa ulionywa."

Neno lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa ndilo la kwangu. Lilikuwa chini ya godoro langu. Lakini sikuwa tayari kulipokea kutoka kwenye kinywa chake. Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri, nikasema, "Simrudishi. Hata akipanda juu ya bati akawika kama jogoo, ni wa nyumba yangu. Simrudishi."

Wazee walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Shemeji hakucheka. Mkamwana alikuwa nyuma ya mlango, niliona kivuli cha miguu yake.

Wazee wakasema basi, kama humrudishi, achinjwe kondoo, tujue nani anamsumbua. Nikatoa kondoo. Akaitwa mzee wa kusoma matumbo, akapanua utumbo juu ya majani, akatazama, akamtazama mkamwana. Kisha akamwonyesha kidole shingoni.

"Mnaona ule ushanga?"

Tukatazama. Ilikuwa kweli. Ushanga ule nilipomvalisha ungeweza kupitisha vidole chini yake. Sasa ulikuwa umezama kwenye nyama. Mwili wote umekonda, sketi inaanguka, pete imetoka kidoleni, lakini shingo imejaa. Nilikuwa nakaa na mtu huyu nyumba moja na sikuwa nimeliona jambo hilo.

"Ni marehemu," akasema mzee. "Amemshika shingo. Hakubali mke huyu nyumbani kwake."

"Basi ukatwe," shemeji akasema haraka. "Amekataliwa na mwenye nyumba."

Mimi niliamini nusu. Niliamini ya kushikwa, sikuamini ya kukataliwa. Jioni nilikwenda kaburini kwa mume wangu, nikasimama pale kwenye mkonge, nikamwambia, "Wewe uliyekuwa huwezi hata kushika kuku wa kuchinja, mpaka nikushikie mimi, leo umepata nguvu ya kumshika mtoto wa watu shingo? Mwachie." Nikamwagia uji. Nikangoja. Upepo tu. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kama ni yeye, amekuwa mtu mwingine huko alikokwenda, na kama si yeye, basi sijui ni nini, na hilo la pili liliniogopesha zaidi.

Ushanga sikuukata. Kila siku naona unazidi kuzama, yeye anapitisha kidole akitafuta nafasi, anameza mate kwa shida, na nikitaja mkasi anakimbilia pembeni. Kwake mkasi ulikuwa barabara ya Nyarero.

Mchana mmoja wa jua kali nilitoka shambani nikakuta mlango wazi na moto umeachwa unawaka. Mvulana alikuwa shuleni. Mama yake hayupo, mtoto wa kike hayupo. Niliingia chumbani kwangu kwanza, nikapapasa chini ya godoro. Panga lilikuwepo. Nikakaa chini kidogo, halafu nikatoka nikakimbia, mimi na magoti yangu haya, nauliza kila mtu. Walimwona amemfunga mtoto mgongoni, anakimbia kufuata barabara kuelekea Sirari, anageuka nyuma, anakimbia. Kijana wa bodaboda anayetufahamu ndiye aliyewarudisha. Aliwakuta wamekaa kwenye mtaro. Mtoto alikuwa na mchubuko gotini, basi. Mama yake midomo imekauka, macho yametoka nje kama ya mtu aliyeona simba.

"Walikuwa wananikimbiza, mama. Nilitaka kumficha mtoto."

Nikaweka mkono kifuani kwake. Nimeweka mkono kwenye vifua vya wagonjwa wengi, vya watoto wenye malaria, cha mume wangu siku ya mwisho. Sijawahi kukuta moyo wa namna ile. Ulikuwa unapiga kama unataka kutoka, na alikuwa amekaa. Sikwenda hospitali kwa sababu nilikuwa na akili kuliko wazee. Nilikwenda kwa sababu moyo ule ulinitisha kuliko marehemu. Nikampa mtoto jirani, nikamwambia kijana washa pikipiki, twende Tarime mjini.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye mgonjwa, mimi niache."

Alimwambia anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka kama jani. Akampa maji, akamwambia meza, akatazama shingo. Akamuuliza analala, anaharisha, hedhi inakuja, analia bila sababu. Mkamwana anajibu ananitazama mimi. Halafu daktari akasema, "Bibi, huu ushanga itabidi tuukate. Unambana, na nahitaji kushika hapa."

Mkamwana aliziba shingo kwa mikono yote miwili. "Mama, usinirudishe." Alisema kwa sauti, na benchi zima nje ya mlango likageuka.

Nikaomba mkasi kwa nesi. Nikamwambia, "Nitazame mimi. Ninakata uzi. Nyumbani tunarudi wote wawili, kwenye pikipiki ile ile." Hakuondoa mikono. Nikangoja. Akaondoa mkono mmoja. Nikakata.

Shanga zikaruka, zikabingirika mpaka kwenye korido. Niliinama kuziokota, na wagonjwa nao wakaanza kuokota, hata mchimbaji mmoja kutoka Geita aliyekuwa amevunjika mkono akawa anaokota kwa ule mzima. "Bibi, hii nyeupe nayo ni yenu?" Ni yetu, mwanangu, lete. Nikazifunga kwenye pindo la khanga.

Daktari alishika shingo taratibu, kisha akaniambia kuna tezi hapa mbele, inaitwa tezi dundumio. Kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Ya huyu imevimba na inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana moyo unakimbia, chakula kinaungua, jasho linatoka, na akili nayo inakimbizwa. Damu itapelekwa Mwanza kuhakikisha, lakini dalili zote ziko wazi.

Nikafikiri kidogo. Nikasema, "Yaani ni kama karasha ambayo mwenyewe ameisahau. Mawe yameisha ndani, sasa inajisaga yenyewe."

Akacheka. "Hivyo hivyo, bibi."

"Kwa hiyo si kichaa."

"Si kichaa. Hofu anayoisikia ni ya kweli, haigizi. Ila hakuna mtu anayemfuata. Inatokea humu ndani."

Nikamuuliza, atapona? Nilitaka aseme ndiyo. Hakusema. Alisema atatulia, lakini dawa ni kila siku, hata siku anapojisikia mzima, na tuwe tunarudi kupima, na huenda baadaye wakafikiria upasuaji. Akasema mwili utatangulia kupoa na akili itafuata polepole, tusimharakishe. Niliyabeba maneno yale mpaka nyumbani kama mtu anayebeba mayai kwenye kapu lililotoboka.

Shemeji alifika kabla hata majibu ya damu hayajarudi. Sijui nani alimpigia simu. Alisimama uwanjani akatazama shingo tupu ya mkamwana, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Umekata."

"Nimekata."

"Basi imekwisha. Mwanamke asiye na ushanga katika nyumba hii amerudishwa. Ni mila ya mama yangu mzazi, wewe unaijua."

"Ninaijua."

"Kesho nitakuja na wazee tumpeleke kwao."

Hapo mkamwana alianza kutetemeka mwili mzima, na mvulana akamshika sketi. Mimi niliingia jikoni, nikatoka na kisu cha kukatia mboga. Shemeji alirudi nyuma hatua, nadhani alifikiri ni cha kwake. Nikaingiza kisu chini ya ushanga wangu mwenyewe, ule alionivalisha mama yake nikiwa msichana, ambao sikuwahi kuuvua, nikakata. Shingo ikasikia baridi. Nimezaa nao, nimezika nao mume, na shingo ikawa kama ya mtu mwingine.

"Na mimi sina," nikamwambia. "Wewe kijana, mura, nirudishe na mimi kwetu. Baba yangu amekufa, mama yangu amekufa, ng'ombe walioliwa kwa ajili yangu mifupa yao imeshakuwa udongo. Anza kuwatafuta. Ukiwapata njoo utuchukue wote wawili."

Alisema, "Shemeji, wewe ni mtu mgumu," akapanda pikipiki yake. Hakurudi na wazee. Lakini sikujisikia mshindi. Usiku ule sikulala vizuri, na panga lilikuwa bado pale pale.

Majibu ya Mwanza yalikuja kama daktari alivyosema. Akanywa dawa. Mikono ilitulia kwanza. Halafu akaanza kuacha ugali kwenye sahani, na mimi nikafurahi kuona ugali umebaki, katika mwaka kama ule. Akalala. Pikipiki zikapita akabaki amekaa. Udaga ukaisha, mahindi yakarudi, shavu likarudi. Na kwa kuwa alijisikia mzima, akaacha dawa bila kuniambia. Hofu ikarudi mlango ule ule. Nikamkuta anafagia alfajiri. Tukarudi Tarime, daktari akamkaripia kidogo, tukaanza upya.

Juzi hapa tulikuwa tunapukuchua mahindi kivulini mwa nyumba, mimi na yeye, mvulana yuko shuleni, mdogo wake yuko kwa jirani. Ameanza tena kutulia, lakini jicho langu halitoki mikononi mwake, likitoka linarudi. Akaacha gunzi. Akaingia ndani akatoka na khanga yangu, ile yenye fundo. Shanga zake na zangu zote zimo, bado hatujazitunga, shingo yake haijashuka sawasawa. Akaiweka mapajani mwangu.

"Mama, nirudishe kwetu."

Nikadhani ugonjwa unaongea. Nikamtazama. Macho yalikuwa ya kwake.

"Nani amekuja hapa? Shemeji amekuja?"

"Hakuna aliyekuja. Ni mimi. Naogopa hata nikiwa mzima, mama. Naogopa siku itakaporudi. Siku ile barabarani ningeweza kumwangusha mtoto chini ya lori. Na wewe unaogopa. Unafikiri sijui unalalia nini? Mimi ndiye ninayetandika kitanda chako."

Mahindi yalikuwa yamejaa kiganja changu na sikuweza kuyaachia. Nilikuwa nimeficha panga asilione, na kila asubuhi alikuwa analiinua, anatandika shuka, analirudisha mahali pake, ili mimi nisijue kwamba anajua.

"Ukinirudisha utalala," akasema. "Watoto watabaki na wewe. Nitakuja kuwaona."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Sikujua ni tezi au ni kilio, na sijui hata sasa. Ni kweli ninaogopa, na sikumwambia siogopi, maana angenicheka. Nilikwenda chumbani, nikalitoa panga, nikalirudisha kwenye kuni mchana kweupe, yeye ananitazama. Nikarudi nikakaa, nikachukua gunzi lake nikampa. Akasema tena, "Mama, nirudishe."

Nikamwambia yale yale aliyoyasikia nyuma ya mlango siku ya wazee, "Simrudishi. Hata akipanda juu ya bati akawika kama jogoo, ni wa nyumba yangu. Simrudishi."